Barua kwa mwanangu: mawingu ya Julai yasiyo na mvua

Mwanangu mpenzi,

Nimeipokea barua yako, nami nimecheka uliposema kwamba huko Dodoma anga halina hata wingu moja, ilhali mama yako hulalamika kila akikupigia simu kwamba hajaliona jua. Umeuliza inakuwaje mawingu yakae hapa Kibosho, ubavuni mwa Kilimanjaro, wiki nzima na mvua isinyeshe.

Jana usiku niliacha ndoo uwanjani makusudi. Alfajiri migomba ilikuwa ikidondosha maji kama imenyeshewa, lakini ndani ya ndoo hapakuwa na maji ya kujaza hata kikombe. Hayo ni manyunyu, wala si mvua, na kahawa yangu iliyoko kichanjani inayajua vizuri kuliko mimi, kwa maana inakataa kukauka.

Upepo wa sasa ni kusi. Hutoka katika eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililoko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, ambalo hupata nguvu wakati huu wa kipupwe na kusukuma hewa ya ubaridi, yenye unyevu, kuelekea pwani yetu. Hewa hiyo haina nia ya kukaa kwetu: ikivuka ikweta hupinda, ikapita Somalia kwa kasi kubwa, ikakata Bahari ya Arabu na kwenda kuwanyeshea watu wa India. Nao ukanda wa mvua, ule unaotuletea masika kati ya Machi na Mei, umekwisha kulifuata jua kaskazini.

Sehemu ya unyevu huo hugonga mlima wetu na kulazimika kupanda, ndipo wingu linapofanyika. Juu yake, hata hivyo, kuna hewa kavu na yenye joto zaidi inayoshuka taratibu, nayo hulizuia kama kifuniko cha sufuria, hivyo wingu hutandaa ubavuni pasipo kupata kimo cha kuleta mvua ya maana. Wageni wanaoanza safari ya kilele cha Kibo wamevaa makoti ya mvua hulikuta jua kali huko juu, na mawingu yote yako chini ya miguu yao. Ninyi wa Dodoma mko mbali na bahari, tena hamna mlima wa namna hii wa kuinua hewa. Mnabaki na upepo na vumbi.

Usidhani kwamba ukungu huu ni hasara tupu. Miti ya msituni huuchuja kwa majani na kwa kuvumwani, vile vimea vinavyoota juu ya magome, maji yakadondoka ardhini, na kwa sehemu ndiyo yanayosaidia mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, usikauke kabla ya vuli.

Vuli ndiyo inayonitia mashaka kuliko masika. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, pepo za juu ya bahari hugeuka, nasi hupata mvua kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena 2019. Mambo yakiwa kinyume, maharage hukaukia shambani. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa vuli, nisomee kwenye simu neno kwa neno, hasa sehemu ya Kilimanjaro na Arusha, kwa maana sijanunua mbegu bado.

Baba yako