Fetisov apimwe kwa mikataba, si kwa medali peke yake

Ndugu Mhariri,

Kurasa za michezo zinapomtaja Vyacheslav Fetisov, beki wa hoki ya barafu wa Urusi aliyeishia bungeni, habari huwa ni ileile: dhahabu za Olimpiki za Sarajevo 1984 na Calgary 1988, ubingwa wa dunia mara saba, Kombe la Stanley, taji la NHL (ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini), mara mbili akiwa na klabu ya Detroit, halafu ghafla ni waziri, seneta, mbunge. Msomaji hubaki akidhani kwamba sifa za uwanjani zilimbeba moja kwa moja hadi Duma, baraza la chini la bunge la Urusi. Kinachoyaunganisha maisha yake ya barafuni na ya siasa ni swali moja: nani ana haki juu ya kazi ya mchezaji?

Jibu la kwanza alilipata CSKA ya Moscow. Hiyo ilikuwa timu ya jeshi, na nguvu zake zilitoka hapo. Kijana hodari wa klabu nyingine alipofikia umri wa kulitumikia jeshi, CSKA ilimwita, na klabu yake haikuwa na la kusema. Ndiyo maana ilitwaa ubingwa wa Sovieti mara 13 mfululizo, 1977 hadi 1989. Wachezaji walikuwa na vyeo vya kijeshi. Fetisov alifikia umeja. Chini ya kocha Viktor Tikhonov, waliishi kambini Arkhangelskoye sehemu kubwa ya mwaka, familia zao wakiziona kwa ruhusa.

Hapa waandishi wengi huteleza. Wanaandika kwamba New Jersey Devils, klabu ya Marekani, "walimsajili" mwaka 1983. Hawakumsajili. Walimchagua kwenye mgawo wa wachezaji wa ligi ya NHL, raundi ya nane, na mgawo huo huzibana klabu za NHL zenyewe tu: klabu nyingine haiwezi kuzungumza naye. Kwa Moscow ulikuwa karatasi tupu. Ili aondoke, ofisa alihitaji kwanza kuachishwa jeshi, na hilo halikutokea hadi 1989. Alimpinga Tikhonov hadharani, akawekwa kando ya timu, wenzake wakashikilia arudishwe, naye akacheza mashindano ya dunia ya Stockholm na kutwaa dhahabu. Kiangazi hicho akaenda New Jersey. Jambo kubwa zaidi ni kwamba alikataa utaratibu wa sehemu kubwa ya mshahara wake kuishia mikononi mwa serikali ya Sovieti. Alitaka mkataba wake uwe wake.

Alikuwa na miaka 31, na miaka ya mwanzo ilimtesa. Sababu ni za kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Uwanja wa kimataifa ulikuwa na upana wa mita 30, wa NHL una takriban 26. Mita nne zinazokosekana ndizo beki wa Kisovieti alizokuwa akizitumia kugeuka na kisahani (kinachochezewa badala ya mpira), kuangalia, kisha kupasia; kule, kabla hujainua kichwa, mtu amekwisha kukubamiza ukutani. Pia CSKA waliingia uwanjani watano kwa pamoja na kutoka watano kwa pamoja: Fetisov na Kasatonov nyuma, Makarov, Larionov na Krutov mbele. NHL hubadilisha washambuliaji watatu kivyao na mabeki wawili kivyao. Beki aliyezoea kutoa pasi bila kutazama, kwa kuwa anajua mwenzake yuko wapi, ghafla anapasia mahali patupu.

Scotty Bowman, kocha wa Detroit, alilielewa hilo. Tarehe 27 Oktoba 1995, dhidi ya Calgary, aliwaweka Warusi watano pamoja: Fetisov, Konstantinov, Larionov, Fedorov na Kozlov. Msimu huo Detroit walishinda mechi 62, na mwaka 1997 wakatwaa kombe. Siku sita baada ya ushindi, ajali ya gari ilimjeruhi Fetisov na kukatisha kabisa uchezaji wa Konstantinov. Agosti, Fetisov, Larionov na Kozlov wakalipeleka kombe Moscow, mara ya kwanza likafika Urusi.

Sasa siasa, na hapa naomba usahihi wa maneno. Aprili 2002, baada ya Fetisov kuifundisha Urusi iliyopata shaba ya Olimpiki Salt Lake City, Rais Putin alimteua kuongoza Kamati ya Serikali ya Michezo. Hakupigiwa kura na mtu. Mwaka 2004 chombo hicho kikashushwa kuwa wakala, Rossport, na wakala hutekeleza sera inayotungwa kwingine. Kumwita waziri kunaficha udogo wa rungu alilopewa. Wizara kamili ya michezo iliundwa mwaka 2008, akapewa Vitaly Mutko, na Fetisov akaenda Baraza la Shirikisho, baraza la juu la bunge, kama seneta wa Primorye, mkoa wa Vladivostok, yeye mzaliwa wa Moscow. Duma aliingia Septemba 2016, kwa tiketi ya chama tawala.

Alipokuwa Rossport, swali la 1989 lilirudi kwa sura mpya. Agosti 2006 Evgeni Malkin aliiacha klabu yake ya Urusi, Metallurg Magnitogorsk, akiwa kambini Helsinki ili aende NHL, akitumia sheria ya kazi ya Urusi iliyomruhusu mfanyakazi yeyote kuacha kazi kwa notisi ya wiki mbili. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya fundi wa kiwandani ikamfungulia mlango mchezaji nyota. Februari 2008 sheria hiyo ikaongezewa sura ya 54.1 kwa wanamichezo: notisi ya mwezi mmoja, na mkataba unaruhusiwa kuweka fidia kwa anayeondoka mapema bila sababu ya msingi. Hiyo ndiyo dawa sahihi. Klabu imegharamia barafu, viatu, magongo na makocha tangu mtoto ana miaka sita. Irudishiwe fedha zake, mtu aende.

Kwa hiyo inauma kwamba mwaka 2015, akiwa seneta, Fetisov mwenyewe alipendekeza wachezaji wazuiwe kwenda nje kabla ya kutimiza miaka 28. Hilo halikuwa sheria, lakini lilisemwa na mtu anayejua kuliko yeyote ladha ya kunyimwa ruhusa. Ninamheshimu beki huyu kuliko mabeki wote wa zama zake, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kulipita kimya. Gharama za malezi zina hesabu na hulipika. Miaka kumi ya mchezaji hailipiki.

Mtakapomwandika tena, tafadhali wekeni 1989 na 2015 katika ukurasa mmoja. Suala lenyewe bado lina uhai: Julai 2022 golikipa Ivan Fedotov wa CSKA, aliyekuwa amekwisha kusaini na Philadelphia Flyers ya NHL, alikamatwa Saint Petersburg akidaiwa kukwepa jeshi, akapelekwa kutumikia kaskazini. Philadelphia alifika Machi 2024.

Msomaji wa kurasa za michezo