Salamu za Simchat Torah, pamoja na neno juu ya vitabu vya mahubiri

Kwenu nyote mnaoadhimisha Simchat Torah, Sikukuu ya Furaha ya Torati, naleta salamu za upendo: kwenu Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, kwenu waumini wa sinagogi la Nairobi, na kwa kila msomaji wa Kiswahili ambaye rafiki au jirani yake yumo katika furaha hii. Usiku wa leo magombo ya Torati yatatolewa sandukuni na kupakatwa kifuani kama watoto, na watu watazunguka nayo mara 7 wakiimba na kucheza. Kesho asubuhi yatasomwa maneno ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, yanayosimulia kifo cha Musa, na mara tu baada yake gombo la pili litafunguliwa na kuanza upya: “Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi.” Ndugu zetu Waislamu waliozoea hitima, ambapo anayemaliza sura ya An-Nas hurejea Al-Fatiha papo hapo, wanaujua utamu wa jambo hili bila kuelezwa.

Torati imegawanywa katika mafungu 54, ili isomwe Sabato kwa Sabato hadi mwaka uishe. Fungu huitwa parasha, na mahubiri juu yake huitwa derasha, neno lenye undugu na “darasa” letu tulilolipata kwa Kiarabu. Mimi kila mwaka sikukuu hii inapofika huwakumbuka wahubiri wa zamani, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya kupotea. Siku ya Sabato hairuhusiwi kuandika, hivyo hapakuwa na msikilizaji wa kunukuu lolote; mhubiri aliandika kabla Sabato haijaingia au baada ya kutoka, na yale aliyoyasema kwa lugha ya watu wake aliyaweka katika Kiebrania, ili asomwe hata na Wayahudi wa nchi asizozifahamu.

Ninayemwazia zaidi ni Rabi Isaac Arama wa Hispania. Katika utangulizi wa kitabu chake anaeleza kwamba Wayahudi wa zama zake walisikia mahubiri ya Kikristo yenye hoja za kina, wengine wakilazimishwa kuyasikiliza, nao wakatamani kupata chakula cha namna hiyo kutoka kwa walimu wao wenyewe. Akajibu haja hiyo kwa mahubiri marefu juu ya mafungu ya Torati, yaliyopangwa katika malango 105: kila lango huanza kwa kuchunguza swali gumu la imani au la falsafa, kisha huingia katika aya zenyewe na kuzifafanua kwa mwanga wa uchunguzi ule. Kitabu alikiita Akedat Yitzhak, yaani Kufungwa kwa Isaka, na jina la Isaka, yaani Isaac, lilikuwa lake pia. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, naye, mzee wa miaka kama 70, akaenda uhamishoni na kufariki Napoli mwaka 1494.

Hakuiona kazi yake ikiwa kitabu cha chapa. Ilipigwa chapa mwaka 1522 mjini Thessaloniki, mji uleule ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kwa nyaraka za Paulo, na ambao wakati huo ulikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya na umejaa wakimbizi wa Hispania na Ureno. Mtu asidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Kitabu cha kwanza kabisa kupigwa chapa katika dola hiyo, kwa lugha yoyote, kilikuwa cha Kiebrania, kilichotolewa Istanbul mwaka 1493 na ndugu wawili wa ukoo wa Nahmias, wahamishwa wa Hispania. Watu walionyang'anywa nyumba walianza na herufi. Muda si mrefu yakafuata mahubiri ya Joshua ibn Shuaib wa Tudela, yaliyotamkwa katika karne ya 14 na kupigwa chapa Istanbul katika miaka ya mwanzo ya 1520, na baadaye yale ya Moses Alshekh wa Safed, mji wa Galilaya, yaliyotoka kamili Venice mwaka 1601.

Fungua ukurasa wa kitabu cha namna hii. Mara nyingi jina la parasha limesimama juu kwa herufi kubwa za mraba, na chini yake maelezo yamebanana kwa herufi ndogo za mviringo. Katika nakala zilizopita Italia, ambako Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, ilichomwa moto hadharani mwaka 1553, utakuta mistari iliyofutwa kwa wino na mkaguzi wa Kanisa, na sahihi yake kwenye ukurasa wa mwisho. Lakini mahali pengi wino wa mkaguzi umepauka kwa miaka, na herufi za chapa zilizo chini yake zinasomeka tena. Kila ninapoliona hilo moyo wangu hujaa shukrani.

Wachapaji wa vitabu hivi walikuwa na desturi ninayoipenda mno. Walipomaliza kazi waliandika siku yenyewe, na mara nyingi juma walilitaja kwa jina la parasha yake. Mwaka nao waliuficha katika herufi za aya, maana kila herufi ya Kiebrania ni namba pia, wakizikuza zile zinazohesabiwa. Basi nami naomba kuifuata desturi yao. Awajalie Mwenyezi Mungu afya, amani nyumbani, na mhubiri mwema kila Sabato. Chag sameach, sikukuu njema.

Zimeandikwa mkesha wa Simchat Torah, juma la Bereshit, parasha ya “Hapo mwanzo”.