Barua kwa mdogo wangu aliyeambiwa "kifuko tu"

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliuona saa tisa usiku: "Dada, wameona kifuko tu. Mtoto hayumo. Nirudi baada ya wiki mbili." Nikakujibu usilie kwanza, kisha nikajiona mjinga, maana jibu la namna hiyo humnyamazisha mtu tu, halimtulizi. Jibu lenyewe ni hili. Naliweka hadharani kwa ruhusa yako, bila jina, kwa sababu wako wengine waliotoka kwenye kile chumba chenye giza cha altrasaundi ya mimba changa, karatasi mkononi, wakiwa na swali hilo hilo.

Tuanze na hesabu. Karatasi yako imeandikwa wiki 6 na siku 2. Wiki hizo hazikuanza siku mimba ilipotunga. Zilianza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, wakati hata yai lilikuwa halijapevuka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo za "ujauzito" ni za mkopo, mimba haipo. Sasa wewe mzunguko wako ni wa siku 38. Tangu usichana wako ulikuwa ukilalamika kwamba siku zako zinakuja zinapotaka. Kipande cha pili cha mzunguko, tangu yai kutoka hadi hedhi, hakitofautiani sana kati ya mwanamke na mwanamke, ni kama wiki mbili. Kinachorefuka ni kipande cha kwanza. Kwa hiyo yai lako huenda lilitoka karibu na siku ya 24, siku kumi nyuma ya hesabu ya karatasi. Toa siku kumi kwenye wiki 6 na siku 2, unabaki na wiki 4 na siku 6.

Na kwenye wiki 4 na siku 6 altrasaundi huona kifuko tu. Wakati mwingine hata hicho haikioni.

Kwa kipimo cha ukeni, kile chembamba kinachofika karibu zaidi na mji wa mimba, mambo huonekana kwa zamu. Kati ya wiki ya nne na nusu na ya tano hujitokeza kifuko cha mimba, doa jeusi la mviringo, jeusi kwa sababu ni majimaji na mawimbi ya sauti hupita humo bila kurudisha mwangwi. Karibu na wiki ya tano na nusu, ndani yake huonekana kipete cheupe, kifuko cha kiiniyai, kinachosaidia kukilisha kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mdogo mno, kabla kondo la nyuma halijashika kazi. Mtoto bado haonekani, lakini kipete hicho ni habari kubwa: kinathibitisha kwamba lile doa ni mimba kweli, na kwamba imekaa ndani ya mji wa mimba. Karibu na wiki ya 6 ndipo kiinitete hujionyesha, kijistari cha milimita chache kilichoegemea kipete, na mara nyingi moyo huonekana ukipepesa siku hizo hizo. Mwanzoni hupiga kama mara 100 hivi kwa dakika. Kufikia wiki ya 9 hukimbia hadi karibu 170. Ukipimwa kwa juu ya tumbo, haya yote yasogeze mbele kama wiki moja.

Kwa hiyo daktari wako hakukuficha kitu. Ipo mipaka ya kusema kwamba mimba imeharibika: kiinitete kifike milimita 7 bila mapigo ya moyo, au kifuko kifike wastani wa milimita 25 bila kiinitete. Zamani mipaka ilikuwa chini ya hapo, milimita 5 kwa kiinitete, ikaja kupandishwa ilipogundulika kwamba mimba nzima zingeweza kuhukumiwa kimakosa. Kifuko chako kina milimita 5. Kwa kipimo hicho hakuna mtu mwenye haki ya kukutolea hukumu, ya heri wala ya shari, na ndiyo maana kifuko kisicho na kipete hupewa siku 14 kabla ya kuangaliwa tena.

Siwezi kukuahidi kitu. Mimi mwenyewe nimengoja hizo wiki mbili mara mbili, na mara ya kwanza sikukwambia mtu yeyote, hata wewe. Niliporudi kifuko kilikuwa kimefika milimita 27, kitupu. Mara ya pili nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kuzika, yule mtaalamu akanyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, kisha akanigeuzia kioo. Aliyekuwa akipepesa pale ndiye huyu anayekuita mama mdogo.

Lipo jambo moja ambalo usilichukulie polepole. Kipimo cha mkojo hakijui mimba imekaa wapi. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba, nyingi zikiwa kwenye mrija wa uzazi, na mrija ukipasuka mtu huvuja damu kwa ndani. Kuona kifuko mahali pake ni dalili nzuri sana, ila mpaka kipete kionekane daktari mwangalifu hataapa. Ndiyo sababu wamekutoa damu na kukutaka urudi baada ya saa 48 wapime tena homoni ya ujauzito: wanataka kuona inapandaje. Katikati ya hapo ukipata maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au maumivu ya ncha ya bega usiyoyaelewa, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, usingoje tarehe ya miadi wala usinitumie ujumbe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Damu nayo, hata kidogo, waambie, ingawa wengi huiona miezi ya mwanzo na mimba zao zikaendelea salama.

Mama ameniuliza kama "mionzi" haitamdhuru mtoto. Mwambie hakuna mionzi, ni sauti, ya juu mno hata sikio haliisikii. Mashine hizi zina ukoo na zile za viwandani za kutafutia nyufa ndani ya chuma. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walizigeuza zitazame tumbo la mwanadamu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1958. Hata hivyo haipigwi kwa kujifurahisha. Wanaojua kazi hupima kinachohitajika wakatoa kifaa.

Shangazi naye ameshauliza kama ni wa kike au wa kiume. Mwache aulize. Kwa sasa mashine haiwezi kusema hilo, wala haiwezi kusema kama viungo vyote viko sawa. Kati ya wiki ya 11 na mwisho wa ya 13 unaweza kupimwa majimaji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na hata hapo utapewa makadirio ya uwezekano tu. Kuangalia viungo kimoja kimoja ni kazi ya baadaye, karibu na wiki ya 20. Kama ni mapacha, lakini, mapema ndiyo bora, kwa sababu ni katika miezi hii mitatu ya kwanza ndipo huonekana wazi kama wanashirikiana kondo moja au kila mmoja ana lake, na wanaoshirikiana hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Karatasi utakayopewa safari ijayo itunze kuliko cheti. Kiinitete kikishapimika kutoka kichwani hadi makalioni, katika miezi hii mitatu ya kwanza, tarehe ya kujifungua hukadiriwa kwa tofauti ya siku tano hadi saba tu, kwa sababu mwanzoni watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana. Baadaye kila mmoja hufuata mwili wake, na kipimo cha miezi ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki tatu. Wewe mwenye siku zisizotabirika ndiye unayeihitaji kuliko wote. Mtu asije akaifuta tarehe hiyo mwezi wa tisa eti mtoto anaonekana mdogo.

Kabla hujaenda, piga simu uulize utapimwa kwa njia gani. Kwa juu ya tumbo hutaka kibofu kimejaa, kwa ukeni hutaka kitupu. Mimi sikuuliza. Nilikunywa maji chupa mbili, nikakaa foleni nimebana miguu kama mtoto wa chekechea, na nilipoitwa neno la kwanza nililoambiwa lilikuwa, "Dada, nenda kwanza msalani."