Watoto wa daftari la 2020 watafutwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu watoto waliozaliwa kijijini kwetu mwaka wa korona.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, niandike nani mjamzito, nani kajifungua, mtoto gani amefikia chanjo ipi, kisha niwakumbushe mama zao siku ya kliniki. Daftari la 2020 bado ninalo. Januari hadi Machi safu ya chanjo imejaa alama za vyema. Kuanzia Aprili unakuta mstari mmoja una alama, mitatu inayofuata mitupu, na pembeni nimeandika kwa penseli: "atarudi". Neno hilo nimeliandika mara nyingi mpaka naona haya kulisoma.

Watu wakiizungumzia korona ya vijijini hutaja barakoa, ndoo za kunawia na wazee waliotutoka. Ni kweli yote. Jirani yangu mmoja alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima ilhali amelala kitandani, na zahanati haikuwa na hata mtungi mmoja wa oksijeni. Ila msiba wa siku ya kliniki haukuwa na kilio, kwa hiyo ulipita bila kuhesabiwa.

Husemwa kwamba akina mama waliogopa. Waliogopa, ndiyo. Mmoja alifika getini, akaona mtu aliyejifunika uso mzima anamwelekezea mwanawe kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola, akageuka na mtoto mgongoni. Uvumi uliokuwapo ni kwamba ukikutwa na joto hutarudi tena nyumbani. Nilimfuata hadi njia panda, nikamsihi. Wiki iliyofuata akaja. Hasira yangu inaanzia hapo, maana safari hii tulimrudisha sisi wenyewe.

Asiyejua mambo ya kliniki aelewe hivi. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na kichupa cha kwetu ni cha dozi 10. Ukishauchanganya na maji yake una saa sita tu. Zikipita, kilichobaki hutupwa. Siku hiyo walikuja watoto wawili. Muuguzi akasema warudi watakapofika watano au sita. Simlaumu sana: alikuwa peke yake zamu nzima, na dozi zikipotea anayeulizwa ni yeye. Lakini wakati ule tulikuwa tukiwatangazia watu wasikusanyike. Hao watano wangetoka wapi? Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Mimi nililisikia hilo baadaye sana, kwenye semina, nikatamani kulia.

Mwishoni mwa Machi 2020 shirika hilohilo lilishauri kampeni za chanjo zinazokusanya watu wengi zisimame kwa muda, ila chanjo za kawaida za kliniki ziendelee panapowezekana. Ujumbe ulipofika kwetu ulikuwa umekatika mkia: "Chanjo zimesimama." Mizani tuliyokuwa tukiitundika kwenye tawi la mti siku za huduma ya mkoba, yaani kliniki inapowafuata watu walipo, ikakaa stoo zaidi ya mwaka. Nilipoitoa, kamba yake ilikuwa imeliwa na panya.

Mwaka 2023 UNICEF ilieleza kwamba watoto milioni 67 duniani walikosa chanjo zote au baadhi kati ya 2019 na 2021. Aprili mwaka huo yakatangazwa mashirikiano ya kimataifa ya kuwafikia waliorukwa. Nilifurahi, nikalifuta daftari vumbi. Waliokuja kwetu waliuliza habari za watoto wachanga wa mwaka ule ule waliokuja. Wangu walikuwa wameshavuka umri ulioandikwa kwenye fomu zao.

Sasa wamefikia umri wa shule, wanakalia benchi moja. Surua ikimwingia mmoja, kati ya kila 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 wanaweza kuipata. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 katika kila 100 wawe na dozi zote mbili. Matone ya rota, ya kuzuia kuhara, umri wake umepita kwa hawa, hayo basi. Ya surua haijachelewa, hata mtu mzima huchanjwa.

Ninachoomba kwa wakubwa wa afya si mradi wala gari jipya. Mwalimu anayeandikisha darasa la kwanza aulizie kadi ya kliniki. Kadi nyingi zimelowa au zimepotea, hilo nalijua, na hapo ndipo madaftari yetu yangefaa, kwa sababu kila kijiji chenye mhudumu kina la kwake. Wala muuguzi asihojiwe kama mwizi kwa kufungua kichupa kwa ajili ya watoto wawili.

La kwangu lina majina 34 yenye penseli. Wawili wamehama, na nimeshaulizia walikohamia. Waliobaki nyumba zao nazijua zote, na Jumamosi sina kazi.

Mhudumu wa afya wa jamii
(Jina na anwani vimehifadhiwa)