Mwandishi wenu alialikwa, sisi tulilipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako. Gazeti hili nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuliandikia hata mstari mmoja, lakini safari hii nimeshindwa kunyamaza. Bila shaka unaikumbuka makala yenu ya mwisho wa wiki, iliyojaza ukurasa mzima, kuhusu ule mgahawa mpya wa pembezoni mwa mji ambao sasa kila mtu anautaja. Mwandishi wako aliusifu kuanzia taa za mlangoni hadi kitindamlo. Jambo ambalo hakulisema linaonekana kwenye picha aliyoichapisha mwenyewe: ni usiku wa uzinduzi, ameketi meza moja na mwenye mgahawa.

Sisi tulioiamini makala hiyo tulikwenda Jumamosi usiku, kama waendavyo watu wengi. Dada yangu mkubwa alikuwa amestaafu kazi ya ukunga, na ndugu tulitaka kumkalisha mahali pazuri, ale vizuri, tumwambie ambayo hatujapata kumwambia. Meza tuliyoiweka mapema tulikuta watu wengine bado wanailia. Tulisimama mlangoni, naye miguu inamsumbua, mpaka watoto wakaanza kusinzia. Tulipoketi, supu ililetwa ya vuguvugu, ikarudishwa, ikaja tena ya vuguvugu. Wengine walimaliza kula kabla sahani za wenzao hazijatoka jikoni. Kisha akaja kuku wa dada. Ngozi ilikuwa na rangi nzuri ya dhahabu, lakini kisu kilipofika mfupani nyama ilikuwa mbichi, inateleza, tena baridi. Mhudumu, kijana aliyeonekana kuchoka kuliko sisi sote, aliomba radhi kwa dhati, na sina neno naye. Meneja ndiye aliyenitia hasira. Alisema huo ndio upishi wa kisasa, kuku anaachwa abaki na maji yake. Shirika la Afya Duniani linafundisha wazi kwamba chakula kiive hadi katikati kufikia nyuzijoto 70 za Selsiasi, na kuku wanatajwa kwa jina, kwa sababu ndani ya nyama yao mbichi mara nyingi kuna vijidudu vya Salmonella na Campylobacter. Na kilichokwisha kuiva kinapaswa kusubiri kikiwa na zaidi ya nyuzijoto 60, kwa hiyo hata ile supu haikuwa suala la ladha tu. Kumwambia mkunga, aliyeishi maisha yake yote kwa kuchunga usafi, kwamba hajui kutofautisha kibichi na kilichoiva ni kumvunjia heshima mbele ya wadogo zake. Bili ilipoletwa, kuku yule alikuwamo.

Niliwahi kufanya kazi katika jiko la hoteli, kwa hiyo najua mambo haya yanavyotokea. Meza zinaongezwa, jiko halipanuliwi. Watu wanapewa nafasi saa ileile, oda zinamiminika jikoni kwa pamoja, na mpishi aliyezidiwa anampika kuku nusu tangu mchana, anamhifadhi kwenye friji, usiku anampiga moto wa juu juu ili apate rangi. Hali hii haiwezi kuonekana usiku wa uzinduzi, wakati wageni ni wachache na mwenye mgahawa anasimamia kila sahani.

Halafu kuna zile kelele. Dada anatumia kifaa cha kusaidia kusikia, na kifaa hicho hukuza kila sauti, za vijiko na viti pamoja na za watu. Mgahawa ule una sakafu ya saruji, kuta za vioo na dari tupu, hauna pazia wala kitambaa cha meza cha kumeza sauti. Juu ya hayo wamefungulia muziki. Watu wakipaza sauti ili wasikike, meza ya jirani nayo inapaza zaidi, na mwisho wote wanapiga kelele. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda ulio salama unapungua nusu. Mgeni huondoka, lakini wale vijana wanaohudumu hurudi humo kila usiku. Maneno tuliyomwandalia dada hakuyasikia. Aliishia kukivua kile kifaa na kutuangalia tu, anatabasamu, na hilo limeniuma kuliko kuku.

Mwaka 1993 Ruth Reichl, mhakiki wa migahawa wa gazeti la New York Times, alikwenda katika mgahawa maarufu wa Le Cirque akiwa amejibadilisha sura, na pia akaenda akiwa anatambulika. Asiyejulikana alisubirishwa. Aliyejulikana alipewa meza papo hapo, hata matunda kwenye sahani yake yakawa makubwa zaidi. Alizichapisha habari zote mbili, na mgahawa ukashushwa kutoka nyota nne za gazeti hilo hadi tatu. Wasomaji wake walijua wanachokwenda kulipia.

Nawe mtume mwandishi wako tena kwenye mgahawa huo. Aweke meza kwa jina lisilo lake, Jumamosi, saa mbili usiku, watu sita, mmoja wao awe mzee anayetumia kifaa cha kusikia. Akubali meza yoyote atakayopewa, hata iliyo karibu na mlango wa choo. Aagize kuku, na aende na kipimajoto cha jikoni akichomeke karibu na mfupa kabla hajaonja. Pesa zitoke gazetini. Na kuanzia sasa, chini ya kila makala ya chakula, mchapishe kwa herufi zinazosomeka ni nani aliyelipa bili.

Msomaji wako wa miaka mingi