Barua ya Wazi kwa Naibu Chansela: Turudishiwe Karatasi Zetu Kabla ya Mtihani

Mheshimiwa Naibu Chansela,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo unachokiongoza hapa Mombasa. Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijajibiwa hata kwa neno moja. Ndiyo maana hii nimeiandika hadharani.

Jumatatu iliyopita matokeo ya muhula yalitoka. Katika somo la takwimu nilipata 38, na kufaulu huanzia 40. Kesho yake alfajiri nilivuka feri ya Likoni, nikaenda idarani kuomba nionyeshwe karatasi zangu za majaribio ya muhula, yale yanayobeba alama 30 kati ya 100. Nilizikuta nyuma ya mlango, zimefungwa kamba pamoja na za wenzangu ndani ya katoni, vumbi limezijaa. Jaribio la kwanza nilikuwa nimepewa 6 kwa 15, la pili 5 kwa 15. Mbali na tarakimu hizo za wino mwekundu, hapakuwa na maelezo yoyote.

Niliketi kwenye ngazi nikazisoma. Katika jaribio la kwanza, nilipokokotoa kipimo cha mtawanyiko wa sampuli, niligawanya kwa idadi nzima ya vipimo badala ya kuipunguza kwanza kwa 1. Katika jaribio la pili nikafanya vivyo hivyo. Katika mtihani wenyewe nililirudia kosa lile lile bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kosa. Maneno machache pembeni mwa ukurasa, kama ningeyaona mapema, yangetosha kunipa zile alama 2.

Mheshimiwa, siku ulipotupokea ukumbini tukiwa wa mwaka wa kwanza, uliahidi kwamba kila jaribio litarudishwa ndani ya wiki mbili. Niliyaandika maneno yako daftarini na daftari hilo bado ninalo. Katika miaka mitatu nimerudishiwa karatasi mara moja tu.

Wenzetu wanaosomea ualimu hufundishwa humu humu chuoni kuhusu Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London, ambao mwaka 1998 walichapisha mapitio ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba tathmini hukuza ujifunzaji pale matokeo yake yanapotumiwa kurekebisha mafundisho na masomo yenyewe. Inakuwaje tufundishe jambo hili darasani, kisha karatasi zetu tuzifungie katoni?

Wahadhiri siwalaumu. Nadhani chanzo ni wingi wetu, kwani katika somo hilo tuko zaidi ya 200 chini ya mhadhiri mmoja wa muda, ambaye huenda malipo yake yanacheleweshwa. Tena tangu mgomo wa wahadhiri wa 2025, uliodumu siku 49, mihula yetu imebanwa mno. Lakini hata mhadhiri asiyeweza kuandika maelezo kwenye kila karatasi anaweza kutumia nusu saa darasani kutuonyesha makosa yaliyojirudia. Hilo halihitaji bajeti.

Mama yangu huuza mahamri na mbaazi, na ada ya mtihani wa marudio itatoka katika kapu lile lile. Nafasi ya mafunzo ya kazi niliyokuwa nimeahidiwa nayo imesitishwa hadi nitakapofaulu somo hili. Machungu haya ni yangu, lakini najua siko peke yangu, kwa maana katoni ile ilikuwa imejaa.

Mtihani wa marudio utafanywa wiki tatu zijazo. Nakuomba, Mheshimiwa, agiza katoni ile ifunguliwe na kila mwanafunzi apewe karatasi yake kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Likoni, Mombasa