Mpango wa elimu maalumu uanzie kitongojini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie madiwani na wataalamu wa halmashauri yetu, wakati huu ambapo makisio ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha yanaandaliwa. Naamini halmashauri nyingine nazo zitajiona humu.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kikao cha wadau wa elimu wilayani kwetu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha watoto viziwi kwa miaka 26. Nilifurahi sana kuona elimu maalumu imepewa ajenda yake, maana miaka mingi tulisubiri hadi "mengineyo", wajumbe wakiwa wameshaanza kufunga mafaili. Mpango uliosomwa una bweni moja, madarasa mawili na vyoo vyenye njia ya viti mwendo. Yote hayo tunayahitaji. Lakini nilipouliza bweni hilo ni la watoto wangapi, na wenye mahitaji gani, nilijibiwa kwamba ukubwa wake umetokana na ramani iliyopo. Idadi ya watoto itajulikana wakishafika.

Hapo ndipo tunapokosea, na ni kosa linaloweza kurekebishwa mwaka huu huu.

Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza hufanyika kati ya Oktoba na Desemba, kipindi kile kile ambacho ofisi ya mipango inakusanya makisio. Mwalimu mkuu ana daftari la watoto walioletwa shuleni. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua waliobaki ndani. Mhudumu wa afya wa kijiji anakumbuka ni mtoto yupi aliugua homa ya uti wa mgongo na tangu hapo haitiki akiitwa. Zipo pia kamati za watu wenye ulemavu, kwa mujibu wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kila mmoja ana kipande chake cha habari, na katika wilaya yetu sijawahi kuona wakiwekwa meza moja kabla bajeti haijafungwa.

Nitaeleza kwa nini jambo hili linaniuma. Miaka miwili kabla ya kustaafu nilikwenda msibani katika kijiji cha pembezoni, nikamwona binti wa miaka 11 akisaidia kuchota maji ya wageni. Alikuwa kiziwi. Yeye na mama yake walielewana kwa ishara kama ishirini walizozitunga wenyewe: kula, maji, mbuzi, njoo, baba. Basi. Mama yule hakuwa amemficha mtoto, kama tunavyopenda kuwasingizia wazazi wa vijijini. Aliniambia, "Mwalimu, hakuna aliyewahi kuniambia kuna shule ya watoto kama huyu." Kitengo chetu, yaani madarasa ya watoto viziwi ndani ya shule ya kawaida, kilikuwa kilomita 24 kutoka mlangoni kwake.

Tulimpokea Januari. Mwaka wake wa kwanza wote hatukumfundisha kusoma. Tulimfundisha kwamba kila kitu kina jina, kwamba jana na kesho vinaweza kusemwa, kwamba mtu anaweza kuuliza swali na akajibiwa. Siku alipotambua kwamba alama ile tuliyokuwa tunaionyesha ilikuwa jina lake, alizunguka darasa zima akimshika kila mwenzake bega ili aonyeshwe na lake. Nilitoka nje nikalia. Mtoto anayesikia hupata lugha bila kufundishwa, akiwa bado anabebwa mgongoni. Kiziwi ambaye hakuna anayemwonyesha lugha ya alama katika miaka hiyo hufika shuleni akiwa na deni ambalo hakulikopa yeye, na miaka sita aliyopoteza binti yule haikufidiwa hata na mwalimu mmoja wetu, ingawa tulijitahidi. Angeletwa darasa la awali akiwa na miaka mitano, habari yake ingekuwa nyingine kabisa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inataka elimu ya lazima ya miaka 10. Mtoto asiyejulikana hata kwa mtendaji wa kijiji chake atalazimishwaje kuipata?

Jambo la pili ni walimu. Wapo wenzetu waliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kwa gharama ya Serikali na kwa jasho lao. Nawajua watatu katika halmashauri yetu wanaofundisha madarasa ya kawaida katika shule zisizo na kitengo. Mmoja wao anasoma na kuandika nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwa ufasaha, na huu ni mwaka wa tano hajagusa mashine yake. Wakati huo huo kitengo cha wasioona kina mwalimu mmoja. Akiugua, watoto wanakaa. Mkurugenzi anaweza kuwahamisha walimu hawa ndani ya halmashauri bila kusubiri ajira mpya. Kinachokwamisha ni fedha ya uhamisho na nyumba ya kukaa, na vyote viwili sikuviona kwenye mpango uliosomwa. Naomba viingizwe, hata kama madarasa mawili yatapungua kuwa moja.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Ruzuku ya Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ilipangwa tangu enzi za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na haikupangwa kwa kufikiria karatasi nzito za nukta nundu wala betri za shimesikio, kifaa cha kumsaidia mtoto kusikia. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa kwa darasa la saba. Mtoto aliyekosa karatasi za mazoezi kwa miaka yote iliyotangulia ataufanyaje mtihani huo? Kitengo kinahitaji kifungu chake katika mapato ya ndani, hata kiwe kidogo.

Nirudi kwenye bweni, nisije nikaeleweka vibaya. Silipingi. Mtoto wa kilomita 24 hawezi kwenda na kurudi kila siku, na mjomba wa binti yule alimleta kwa bodaboda kila Jumatatu hadi fedha ikamwishia. Lakini bweni la watoto viziwi linahitaji mlezi anayejua lugha ya alama, anayelala humo humo. Mtoto akishikwa na tumbo saa nane usiku, amwambie nani? Katika mpango niliousikia kuna vitanda, magodoro na tangi la maji. Mlezi hayumo.

Madiwani watapitia rasimu ya bajeti Februari. Ombi langu ni kwamba kabla ya siku hiyo kila diwani aje na orodha ya kata yake: majina, umri, mahitaji, na umbali hadi shule yenye kitengo. Mimi na walimu wenzangu wawili wastaafu tuko tayari kuzunguka na watendaji wa vijiji bila posho, tukianza na kata tatu zilizo mbali zaidi na makao makuu ya wilaya. Tunachoomba ni barua ya utambulisho tu.

Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu,
Singida